Jumamosi za Demani: Mwongozo wa Kusafiri kwa Tanga Pamoja na Marafiki

Mtu afanyaye kazi ofisini, dukani au shuleni ana siku mbili tu katika juma zilizo mali yake, na hata hizo hakuzichagua yeye bali alichaguliwa. Bahari nayo ina kalenda yake yenyewe, ihesabiwayo kwa mwezi wa angani na kwa pepo, wala haijali kwamba leo ni Jumamosi. Kazi yote ya mtu anayetaka kuutumia mwisho wa juma katika chombo kidogo cha tanga, pamoja na marafiki wawili watatu, ni kuzipatanisha kalenda hizi mbili zisizojuana. Mwongozo huu unakuonyesha, ndugu msomaji, namna ya kuzipatanisha katika maji ya Mjini Unguja, kutoka pwani za Kizingo na Mtoni hadi visiwa vya Chapwani, Changuu na Bawe, katika miezi ya Septemba, Oktoba na Novemba, ambayo kwa mwanafunzi wa tanga ni miezi bora kuliko yote. Uzuri wa bahari hauhitaji wakili. Yanayohitaji kuandikwa ni saa, maji, kamba na adabu.

Majira yenyewe

Wazee wa pwani waliuhesabu mwaka wa bahari kwa miongo, yaani siku kumi kumi, wakianzia Siku ya Mwaka, ile ambayo mpaka leo watu wa Makunduchi huiadhimisha mwezi wa Julai kwa sherehe ya Mwaka Kogwa. Na kwa hesabu hiyo nahodha alijua ni mwongo wa ngapi atafunga safari na ni mwongo wa ngapi atapandisha chombo pwani. Kusi, ambayo huanza kushika mwezi wa Aprili na kupata nguvu zake kamili katika baridi ya kipupwe, hulegea kuanzia mwisho wa Agosti, na hapo ndipo yanapoingia majira ya demani: upepo bado watoka kusini na kusini-mashariki, lakini umeacha ghadhabu yake, bahari imeanza kusafika, na chombo kidogo chaweza kutoka asubuhi bila ya nahodha kulazimika kuomba dua kwa kila wimbi. Mwezi wa Novemba huja tangambili, ambayo wengine huiita maleleji, wakati upepo hauna shina, leo huku na kesho kule, na mvua za vuli hupita kwa vishindo vifupi. Kisha kaskazi hushika mwezi wa Desemba, na mwanafunzi huwa na mwalimu mpya.

Kuna jambo la jiografia ambalo ni sharti ulitie moyoni kabla ya kugusa kamba yoyote. Mji wa Unguja uko upande wa magharibi wa kisiwa, kwa hiyo upepo wa demani huufikia ukiwa umekwisha kuvuka nchi kavu. Upepo ule ule unaopandisha mawimbi juu ya mwamba wa Paje na Jambiani, pwani ya mashariki, hufika Kizingo na Mtoni ukiwa mpole, na maji ya pwani yakawa tulivu hata mgeni akadhani kwamba bahari yote iko hivyo. Hapo ndipo ulipo mtego. Upepo utokao nchi kavu humsukuma mtu nje kwa ukarimu mwingi na kumkabili usoni atakaporudi. Kwenda ni bure, kurudi ndiko kunakolipiwa. Basi kanuni ya kwanza ya mwongozo huu ni hii: muda uliotumia kufika, uuhesabu mara mbili kwa kurudi, na ikiwa hesabu hiyo inakufikisha pwani baada ya magharibi, safari hiyo si ya leo.

Jumamosi ni mbili

Asiyejua hesabu ya maji hudhani kwamba kila Jumamosi ni sawa na nyingine. Bamvua, yale maji makubwa yanayojaa mpaka juu ya pwani na kupwa mpaka mwamba ukawa wazi, hufuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu kwa siku moja au mbili. Na maji mafu, ambayo hayajai sana wala hayapwi sana, hufuata nusu za mwezi. Kutoka bamvua hadi maji mafu ni kama juma moja, na kwa sababu hiyo Jumamosi moja ikiwa ya bamvua, ya pili yake aghalabu ni ya maji mafu, na ya tatu hurejea kuwa ya bamvua. Ulinganifu huu haudumu milele, kwani kila majuma mawili husogea kwa karibu siku moja. Lakini mtu atazamaye tarehe ya mwezi wa Kiislamu hapotei, maana bamvua huangukia siku za mwanzo wa mwezi na siku zifuatazo tarehe 15, na maji mafu huangukia karibu na tarehe 8 na tarehe 23.

Katika bandari ya Unguja, siku za bamvua maji hujaa kabisa yapata saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, na hupwa kabisa yapata saa 4 asubuhi na saa 4 usiku, na tofauti baina ya kujaa na kupwa hukaribia mita 4. Siku za maji mafu mambo hugeuka: maji hujaa yapata saa 4 asubuhi, hupwa yapata saa 10 jioni, na tofauti yenyewe yaweza kuwa kama mita 1 tu. Kila siku saa hizi husogea mbele kwa yapata dakika 50, pungufu kidogo wakati wa bamvua na zaidi wakati wa maji mafu, kwa hiyo mpango wa Jumapili si nakala ya mpango wa Jumamosi. Jedwali la kujaa na kupwa kwa maji hupatikana siku hizi hata katika simu. Lisome jioni ya Ijumaa, uandike saa zake katika karatasi, na karatasi hiyo ukae nayo chomboni.

Jumamosi ya bamvua ni siku ya mafungu ya mchanga. Ukishue chombo mapema, saa 12 na nusu au saa 1 asubuhi, kabla maji hayajaiacha pwani na kukuachia kazi ya kukiburuta chombo juu ya tope. Maji yanayopwa yatakusaidia kutoka, na saa 4 utalikuta fungu likiwa kavu, jeupe, na maji yake ya pembeni yamefika magotini. Adhuhuri ikipita, maji yanayojaa yatakuinua juu ya miamba uliyoikwepa asubuhi, na saa 9 au 10 utafika pwani yakiwa yamejaa, uteremke kwenye mchanga mkavu. Jumamosi ya maji mafu ni siku ya visiwa na ya mafunzo: mikondo ni dhaifu, saa ya kutoka haikubani sana, na mwenye kujifunza kubisha, yaani kupanda upepo, hapati adui wa pili chini ya chombo.

Chombo na mwenyewe

Usinunue chombo. Mtu wa Jumamosi anayenunua chombo mwaka wa kwanza hununua pia fundi, kalafati, kodi ya mlinzi na ugomvi na marafiki wenziwe. Kodi ngalawa kwa mvuvi anayeijua, kwa siku ambazo yeye haendi kuvua, na safari za mwanzo umlipe aje nawe awe nahodha, nawe uwe baharia. Ngalawa, kwa matengo yake mawili yanayoegemea maji kila upande, humsamehe mwanafunzi makosa ambayo mtumbwi mtupu haungemsamehe. Huchukua watu wanne kwa raha, na kina chake ni kidogo hata hupita mahali ambapo mashua ingekwama.

Ukienda kuzungumza na mwenye chombo, nenda alasiri, mkute pwani, mpe shikamoo, umwite Mzee au Bwana kwa kadiri ya umri wake, na maneno ya fedha uyaache mpaka mmekwisha kukizunguka chombo pamoja. Katika kukizunguka, tazama mambo manne. Kwanza, kamba zinazoyafunga matengo: zisiwe zimelegea wala zimekatika nyuzi. Pili, henza, ile kamba ya kupandishia foromali, mti unaobeba tanga: ivute yote mpaka mwisho, kwa maana mahali inapopita juu ya mlingoti ndipo inapolika, na hapo hapaonekani ukiwa chini. Tatu, usukani na kana, mpini wake: zisiwe zinacheza. Nne, ngama: ikiwa ina maji mengi asubuhi na chombo kilikuwa nchi kavu usiku kucha, uliza ni mvua au ni ufa, na usikubali jibu la kicheko. Uliza kadhalika kama chombo kimeandikishwa, maana Mamlaka ya Usafiri Baharini ya Zanzibar husimamia vyombo vidogo sawa na vikubwa, na mwenye chombo mwaminifu hukuonyesha cheti chake bila kununa.

Watu wanne na kazi zao

Nahodha wengi, chombo huenda mrama. Na marafiki, kwa kuwa ni marafiki, ndio watu wepesi kuliko wote kujifanya manahodha. Mchague mmoja kabla ya kushua, akiwa pwani na miguu yake mikavu, na kila mtu akubali kwamba mpaka kurudi neno lake halijadiliwi, ingawa usiku barazani litajadiliwa hata kahawa ipoe. Wa pili ashike demani, kamba ile inayolivuta na kulilegeza tanga, naye asiifunge kamwe kwa fundo la kukaza, bali aizungushe tu na kuishika mkononi, ili upepo ukija ghafla aweze kuiachia mara moja. Wa tatu akae omo, mbele ya chombo: kazi yake ni macho, nanga na pondo, ndiye anayetangaza fungu, mwamba, nyavu na chelezo za madema. Wa nne ana upo wa kufulia maji, na uzito wake ndio mizani ya chombo, kwa maana upepo ukizidi yeye ndiye anayetoka kwenda kukalia tengo la upande wa juu, upande wa joshi, ili lile la upande wa demani, upande wa chini, lisizamishwe. Zamu zibadilishwe mkifika kisiwani, asije mmoja akafua maji msimu mzima huku mwenziwe akijifunza usukani.

Watu wanne wawe wanne. Atakuja wa tano, shemeji wa mmoja wenu, aliyefika jana kutoka Bara na anayetamani sana. Na wa sita, mdogo wake, ambaye si mzito. Kuwakataa ni vigumu, lakini pwani hii imekwisha kulipa thamani kubwa kwa kutokataa: meli ya MV Spice Islander ilipozama katika mkondo wa Nungwi usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba, 2011, ilikuwa imechukua watu kupita kiasi chake. Wapangie wageni Jumamosi ijayo, na wawili wenu wabaki.

Vitu vya kuchukua

Kila mtu awe na jaketi la kuokolea maisha, nalo livaliwe, lisikaliwe. Maji ya kunywa yasipungue lita 3 kwa kila mtu, katika madumu madogo madogo, kwa kuwa dumu moja kubwa likipasuka mnabaki na kiu ya wote. Nanga na amari, kamba yake, pondo moja, makafi mawili, upo na ndoo, kisu, kamba ya akiba yenye urefu wa chombo mara mbili, tochi, filimbi, na simu iliyofungwa katika mfuko usiopenya maji, yenye namba ya mwenye chombo na ya mtu mmoja wa pwani aliyeambiwa mnakwenda wapi na mnarudi saa ngapi. Chukua pia bildi, ambayo ni risasi tu iliyofungwa kwenye uzi wenye alama za kupimia kina; thamani yake ni ndogo, na mahali ambapo macho hayaoni chini ndiyo inayosema kweli. Kofia na nguo ya mikono mirefu si pambo, kwani jua linalotoka juu hurudi tena kutoka majini.

Katika chakula, peleka kisichohitaji moto chomboni: mkate wa kumimina, mayai ya kuchemsha, tende, ndizi mbivu, na maembe ya vuli yakiwa yameanza kushuka sokoni. Seredani ibaki kwa siku mtakayoshinda kisiwani. Vyakula vifungwe katika pakacha na kuwekwa katikati, si omo wala tezi, nyuma, kwa sababu chombo chenye kichwa kizito hakisikii usukani.

Kutoka na kutweka

Kabla ya kushua, sikilizeni taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania kuhusu upepo na mawimbi. Ikitoa onyo, nendeni mkanywe kahawa. Taarifa ikiwa njema, simameni kwa muda pwani mkitazama vitu vitatu: minazi, kujua nguvu ya upepo wa juu; mashua zilizotia nanga, kujua zinaelekeza omo wapi, na hivyo mkondo na upepo ni nani anayetawala; na chelezo za madema, ambazo zikilala upande mmoja na kuacha mkia wa mapovu, mkondo ni mkali kuliko unavyodhani.

Mkishue chombo mpaka maji ya kiunoni, mkielekeze omo kwenye upepo, usukani utiwe mahali pake, kisha tanga litwekwe. Anayevuta henza avute kwa mikono miwili bila kusita, mpaka foromali ifike juu na kutulia, naye wa demani aiache kamba yake huru kabisa wakati huo, tanga lipapatike linavyopenda. Wengi wanaojeruhiwa wakati wa kutweka hujeruhiwa kwa sababu mwenziwao alilikaza tanga kabla ya wakati. Henza ikifungwa, nahodha ageuze omo kutoka kwenye upepo taratibu, demani ivutwe kidogo kidogo mpaka kupapatika kukome, na chombo kitaondoka chenyewe. Kanuni ya demani ni moja: ilegeze mpaka tanga lianze kupapatika ukingoni, kisha uivute kidogo tu mpaka likome. Anayekaza zaidi ya hapo hukilaza chombo bila kukiongezea mwendo.

Kubisha

Hapa ndipo elimu yenyewe ilipo, kwa maana upepo ukiwa tezini hata gogo lafika. Dau la mnyonge haliendi joshi, wasema wahenga, na mnyonge wa bahari ni yule ambaye hajajifunza kupanda upepo. Chombo hakiwezi kwenda moja kwa moja kulikabili shina la upepo. Huenda pembeni yake, kwanza kwa ubavu wa kulia kisha kwa wa kushoto, kikipata kila mara hatua chache za kusonga mbele. Na kwa kuwa tanga la ngalawa limetundikwa kwenye foromali upande mmoja wa mlingoti, kila unapobadilisha ubavu ni vyema kulihamisha, nalo huhamishwa hivi.

Nahodha hupaza sauti kuwatahadharisha watu, kisha hugeuza omo mbali na upepo, si kuuelekea, mpaka upepo uje kutoka tezi kabisa. Wa demani huiachia kamba yake yote, na tanga huruka mbele ya chombo likipepea kama kanga kwenye kamba ya nguo. Wa omo huishika ncha ya chini ya foromali na kuivuta kuelekea mlingoti, mpaka mti mzima usimame wima sambamba nao. Wa nne, mwenye demani ya ziada mkononi, hupita mbele ya mlingoti upande wa omo, akiinama chini ya tanga, na kuivusha kamba upande wa pili. Foromali huvushwa, ncha yake hurudishwa omo na kufungwa, demani huvutwa polepole, na nahodha hukipandisha tena chombo kwenye upepo kwa ubavu mpya. Mabaharia wazoefu hufanya haya yote kwa pumzi chache. Wanafunzi huchukua muda mrefu, na katika muda huo chombo husukumwa nyuma. Ndiyo sababu zoezi hili lifanywe asubuhi, karibu na pwani, siku ya maji mafu, mara nyingi kwa makusudi, mpaka kila mmoja wa wanne amekwisha kushika kila nafasi. Anayeliahirisha atajifunza saa 10 jioni, amechoka, na Mji uko mbele yake upande wa upepo.

Katika kubisha, chagua alama. Ukitoka Changuu kuelekea Mjini, weka macho kwenye Minara Miwili ya kanisa la Shangani na kitu kingine kilicho nyuma yake au mbele yake, kama mnazi mrefu au mlingoti wa simu. Vitu viwili hivyo vikiendelea kukaa pamoja, unakwenda unakotaka, na vikianza kuachana, mkondo unakuhamisha hata kama omo yako inaonyesha njia sawa.

Visiwa na mafungu

Chapwani ndicho kisiwa cha kwanza kwa mwanafunzi, kwa ukaribu wake na kwa kuwa kurudi kwake kwa upepo wa kusini-mashariki hakuhitaji kubisha kwingi. Humo mna makaburi ya mabaharia wa Kiingereza, wakiwemo wa manowari Pegasus, iliyozamishwa na Königsberg ya Wajerumani katika bandari ya Unguja tarehe 20 Septemba, 1914. Ingieni kwa staha. Changuu kiko mbali zaidi, nacho kina jumba la gereza lililojengwa miaka ya 1890 ambalo halikupata wafungwa likageuzwa karantini ya wasafiri, na wale kobe wakubwa ambao wazee wao waliletwa kutoka Shelisheli. Pana kiingilio, na boti za watalii hujazana kuanzia saa 4, kwa hiyo ufike mapema au ufike baada ya adhuhuri. Bawe kiko magharibi, na kwa upepo wa demani ndicho kinachofikika kwa wepesi zaidi na kurudika kwa taabu zaidi. Usikiendee mpaka mmekwisha kubisha kutoka Changuu bila ya kushika kafi.

Kufikia popote, soma rangi ya maji jua likiwa juu au mgongoni kwako: buluu nzito ni kilindi, kijani kilichopauka ni mchanga, na kahawia ni mwamba, ambao uukwepe hata kama pondo inasema pana kina. Usitie nanga juu ya matumbawe. Tafuta mchanga, kwa faida ya nanga na ya samaki pia. Amari iwe na urefu wa mara 4 au 5 ya kina kitakachokuwapo maji yakijaa, si kina kilichopo sasa: nusu nzima ya maji ya bamvua huingia katika saa ya tatu na ya nne baada ya kupwa, na chombo chenye amari fupi huinuliwa pamoja na nanga yake, kikaondoka peke yake huku wenyewe wamekaa kwenye fungu wakila maembe. Kwa hiyo siku ya fungu mtu mmoja daima akae karibu na chombo, na pakacha zipakiwe maji yakifika nusu ya fungu, wala si yakifika miguuni.

Shwari, dhoruba na wakati wa kutua tanga

Mwezi wa Oktoba, saa za mchana, upepo waweza kufa ghafla mkabaki katika shwari ya joto. Msilalamike wala msikimbilie makafi. Tieni nanga kama kina kinaruhusu, ili mkondo usiwachukue, mswali na kula, kwa maana aghalabu upepo hurejea alasiri. Ikifika saa 9 na nusu haujarejea, hapo makafi yashikwe, pasi na kungoja saa nyingine.

Novemba huleta jambo jingine. Ukiona wingu jeusi lenye ukingo wa chini ulionyooka, na chini yake bahari imegeuka rangi ikawa ya risasi yenye mikunjo midogo inayokimbia kuja kwako, hiyo ni dhoruba ya vuli, na upepo wake hutangulia mvua. Tanga hili halina njia rahisi ya kupunguzwa. Basi litueni kabla dhoruba haijafika, si wakati imefika. Foromali ilazwe na kufungwa chomboni, nanga itiwe, watu wakae chini na majaketi yakazwe, mfuaji maji aanze kazi. Dhoruba za namna hii aghalabu hupita upesi, na aliyelitua tanga bure hupoteza dakika chache tu. Usukani ukivunjika au kamba ikikatika msiyoweza kuifunga, tieni nanga, pungeni nguo, pigeni filimbi, na mpigieni simu mtu wenu wa pwani awaarifu KMKM, kikosi ambacho katika Zanzibar ndicho kinachotoka kuokoa watu baharini. Mtu asikiache chombo akaogelea kuelekea pwani, hata akiiona karibu. Chombo kilichojaa maji bado huelea, tena huonekana kuliko kichwa cha mtu.

Kurudi, na baada ya kurudi

Kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mkifika pwani kazi haijaisha: maji ya ngamani yafuliwe yote, tanga lifunguliwe na kuanikwa, kwa maana tanga lililokunjwa likiwa na chumvi na unyevu huoza kwenye mishono, kamba zisuuzwe kwa maji baridi, chombo kipandishwe juu ya alama ya bamvua, na mwenyewe aambiwe kila kilichovunjika kabla hajakiona. Mlipeni siku ile ile. Akiwa na umri wa baba yenu, msimngoje aombe.

Hesabu ya marafiki nayo iwe wazi: kodi ya chombo, chakula na kamba zilizonunuliwa zigawanywe kwa nne usiku ule ule, kwa sababu deni dogo la Jumamosi moja ndilo linalozuia Jumamosi ya tano. Kaskazi ikishika mwezi wa Desemba, upepo utatoka kaskazini-mashariki na mambo mengi mliyoyazoea yatabadili upande. Hapo fanyeni ahadi ya kumsaidia mwenye chombo kukikalafati na kukipaka sifa kabla ya msimu ujao, kazi ya siku mbili itakayowafunza zaidi juu ya mbao na mishono yake kuliko safari nyingi. Kwa maana kipimo cha nahodha wa Jumamosi si umbali wa kisiwa alichokifikia. Ni kama mwenye chombo, akiulizwa demani ijayo, atawakabidhi usukani bila ya yeye mwenyewe kupanda.